Tahadhari: Hoteli ya Chakula Imeandikwa Baa

Kama una biashara yenye jina na mlango, naomba kabla hujafika aya ya pili uchukue simu, uandike kwenye ramani ya simu jina la biashara yako pamoja na mji wako, kisha usome lile neno dogo la kijivu lililokaa chini ya jina. Nyota ziache. Maoni ya wateja yaache. Soma neno hilo tu, linalosema wewe ni nani: mgahawa, gesti, famasi, saluni, gereji. Likiwa sahihi, shukuru Mungu na uendelee kusoma taratibu. Likiwa si sahihi, soma upesi, maana kila siku linapokaa pale linanakiliwa kwingine, na likishanakiliwa mara tatu nne hutaliondoa kwa kubonyeza mara moja.

Naandika kwa sababu ya yaliyomkuta shangazi yangu.

Shangazi ana hoteli Ngamiani, Tanga. Nasema hoteli kwa maana yetu: wali, maharage ya nazi, samaki wa kupaka, chapati, chai ya maziwa asubuhi, na jioni jiko la mkaa hutolewa nje kwa ajili ya mishikaki. Kitanda hakuna. Bia hakuna, wala haijapata kuwako. Mlangoni kuna ndoo yenye bomba, na juu yake chupa ya soda yenye sabuni ya maji, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Jina la hoteli liliandikwa ukutani na fundi rangi zamani sana, kwa herufi za kijani. Simu ya shangazi ni kitochi. Hajawahi kujiandikisha mtandaoni mahali popote, na kwa hiyo aliamini kwamba huko mtandaoni hayupo.

Alikuwepo. Jamaa wa madrasa moja ya Muheza walikuwa wanashuka Tanga kwa maulidi ya Mfungo Sita, wakaelekezwa kwake na mtu aliyekuwa akila pale. Wakakubaliana biriani ya watu 80. Shangazi akanunua mchele kilo 15, akalipia mbuzi 2. Siku 3 kabla ya shughuli simu ikaita. Alikuwa mzee wa kamati, anaongea kama mtu anayeona haya: "Bi mkubwa, tuwie radhi. Vijana wetu wameitazama hoteli kwenye simu zao. Hivi hapo kwako panauzwa pombe?"

Shangazi akacheka, akidhani anataniwa. Mzee hakucheka. Akamweleza kwamba orodha ya kwenye simu imeandika baa, na kwamba yeye binafsi anamwamini, lakini kamati haiwezi kuwapeleka watoto wa madrasa mahali palipoandikwa hivyo, kwa kuwa wazazi nao wana simu na watauliza. Chakula kikapikwa kwingine. Jioni ile shangazi alinipigia. Nilimwamkia, na marahaba yake ilitoka nusu. "Mwanangu," akasema, "nani kaniandika baa?"

Nilikaa na swali hilo usiku kucha, na jibu nililolipata lilinisikitisha zaidi ya kunikasirisha. Aliyeiweka hoteli ile kwenye orodha ni mpita njia mwenye nia njema. Alikula mishikaki, akaipiga picha ikiwa juu ya mkaa, akatoa nyota 5 na kuisifu pilipili. Orodha ilipomwuliza mahali hapa ni pa aina gani, alitafuta neno la nyama ya kuchoma, na lililojitokeza lilikuwa limefungwa pamoja na baa, kwa sababu waliotunga makundi yale wanatoka mahali ambapo jiko la mkaa na bia havitengani. Akabonyeza. Akaondoka ameshiba na ameridhika kwamba amemfanyia mama wa watu hisani. Ndivyo mwanamke ambaye hamruhusu hata mtu anayenuka pombe kuketi kwenye benchi lake alivyogeuzwa mwenye baa.

Tumezoea kulinda jina dhidi ya mshindani mwenye kijicho, na huyo yupo, nitamfikia. Lakini hatari kubwa hapa haina adui wa kumkamata kola. Inatokana na maneno yetu kuingizwa kwenye masanduku yaliyochongwa kwa maneno ya wengine.

Katika orodha ya Google, ambayo ndiyo wengi wetu tunaiona tukifungua ramani ya simu, makundi ya biashara yanakaribia 4,000. Mwenye biashara huchagua kundi moja kuu, na anaweza kuongeza mengine yasiyozidi 9. Kundi kuu ndilo lenye uzito. Mtu akiandika kwamba anatafuta chakula cha mchana karibu naye, kundi hilo linachangia sana kuamua nani atokee na nani afichwe. Tena linaamua hata sura ya ukurasa wako: kama utakuwa na menyu, kama utaonyesha saa za kufungua, kama utawekewa kitufe cha kuweka nafasi. Kwa hiyo likikosewa, makosa hayaishii kwenye neno moja.

Neno hoteli peke yake limekwisha kuponza wengi. Kwetu, tangu Lamu hadi Kigoma, hoteli ni mahali pa kula. Pa kulala ni gesti au lojing. Mtu wa Mombasa akisema anakwenda hotelini kunywa chai hakuna anayemwuliza amebeba begi gani. Lakini kwa waliotunga orodha hizi, hotel ni nyumba ya kulala wageni, na mashine ikilikuta neno hilo kwenye jina lako au kwenye picha ya kibao chako, ni rahisi ikupeleke kwenye malazi. Ukishahesabiwa malazi kwenye Google, saa zako za kufungua na kufunga hazionekani tena kama za mgahawa. Badala yake zinatokea saa za kuingia chumbani na kutoka, tarehe za kulala, na viungo vya kampuni zinazouza vyumba. Menyu haina pa kukaa. Msafiri aliyeshuka basi saa 7 mchana na njaa imemkaba anaona vyumba, anapita. Saa 6 usiku mwingine anakupigia kuuliza kama kuna chumba chenye feni, na ukimwambia hakuna, anakasirika na kuondoka na nyota yake 1 mkononi.

Taratibu rasmi zinaijua tofauti hii vizuri. Umoja wa Mataifa una mfumo wa kuainisha shughuli za kiuchumi unaojulikana kama ISIC, na BRELA huutumia mtu anaposajili biashara Tanzania. Katika toleo la 4 la mfumo huo, malazi ni namba 55 na huduma za chakula na vinywaji ni 56. Ndani ya 56, mgahawa ni 5610, na mahali pa kuuzia vinywaji, yaani baa, ni 5630. Karatasi za shangazi ziko sawa kabisa, zimekunjwa ndani ya bahasha chini ya godoro. Mpita njia hakuziona, na orodha haikumwuliza.

Hoteli nimeizungumza kirefu kwa kuwa inanihusu. Linalonitia hofu hasa ni dawa.

Tanzania ina famasi, na ina maduka ya dawa muhimu. Maduka haya yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwa kuyainua yale tuliyoyajua kama maduka ya dawa baridi, ili watu wa vijijini na pembezoni, ambako mfamasia hapatikani, wapate dawa za msingi kutoka kwa muuzaji aliyepewa mafunzo. Baraza la Famasi linayasimamia. Duka la dawa muhimu lina orodha ya dawa linazoruhusiwa kuuza, na orodha hiyo ina mpaka. Famasi iliyo chini ya mfamasia mpaka wake ni mpana zaidi. Mtanzania yeyote aliyewahi kuuguza anaijua tofauti hii. Orodha za mtandaoni mara nyingi haziijui: kwao zote zinaweza kuandikwa famasi tu.

Sasa mfikirie mama aliyetoka hospitali ya wilaya saa 3 usiku, mtoto yuko mgongoni, karatasi ya daktari iko mkononi, na dirisha la dawa la hospitali limemwambia dawa hiyo imekwisha. Anaomba kijana wa bodaboda amtazamie famasi iliyo karibu. Simu inawaonyesha moja, wanakwenda. Wakifika ni duka la dawa muhimu, na yule dada nyuma ya kaunta, kwa haki na kwa sheria, anamwambia dawa ile haruhusiwi kuiuza. Nauli imekwenda, saa nzima imekwenda. Na huyo dada naye yuko hatarini, maana mbele ya umma anaonekana kujitangaza kwa leseni asiyokuwa nayo. Siku mkaguzi akiliona tangazo lile, maelezo yataanzia kwake, na "sikuandika mimi" ni jibu la kweli ambalo ni gumu kulithibitisha.

Kuna pia saluni. Dada mmoja jirani yangu anasuka na kuosha nywele. Orodha moja ikamweka kwenye masaji. Kwa wiki kadhaa alipokea simu za wanaume usiku, na maneno waliyomwambia sitayaandika. Alibadili laini. Namba aliyokuwa nayo miaka mingi, iliyoandikwa kwenye kadi za wateja wake wote, akaiacha ife. Aliyemwandika masaji pengine hata leo hajui alichokifanya.

Haya hayakuanza kwetu. Great Falls, Virginia, nje kidogo ya Washington, palikuwa na mgahawa uitwao Serbian Crown, uliodumu karibu miaka 40. Mwaka 2012 wateja wa mwisho wa wiki walianza kupungua, na mwisho wa wiki ndio uliokuwa ukiulisha mgahawa. Mwenyewe hakuelewa kwa nini, mpaka mteja alipompigia kumwuliza kwa nini amefunga Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Hakuwa amefunga. Google ndiyo iliyoandika hivyo. Mzee huyo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa na kompyuta. Alikuwa na jiko na wahudumu, kama shangazi na kitochi chake. Mwaka 2013 akafunga kweli, kisha akaishtaki Google. Alipoligundua kosa hilo, wateja walikuwa wamekwisha kuzoea kwenda kwingine. Jambo hili ni la saa za kazi, si la kundi, lakini njia ni ileile: neno moja ambalo mwenye mali hajaliona, linasomwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Na anayefanya kwa makusudi? Mwaka 2014 Mmarekani mmoja, Bryan Seely, alitaka kuonyesha jinsi ramani za Google zinavyochezewa kirahisi. Akaweka namba zake za simu kwenye maandishi ya ofisi za FBI na Secret Service, na watu waliopiga wakapitia kwake bila kujua. Mwezi Januari mwaka huohuo maelfu ya hoteli za kulala yalikutwa viungo vyao kwenye orodha ya Google vimegeuzwa, mteja akibonyeza anapelekwa kwa madalali wa vyumba. Google yenyewe ilisema kwamba mwaka 2018 iliondoa maandishi bandia ya biashara zaidi ya milioni 3. Ikiwa FBI iliweza kuandikwa namba ya mtu mwingine, gereji yako ya Buguruni au duka lako la vitambaa Kongowea lina ulinzi gani kama hakuna anayelitazama? Mshindani anahitaji simu moja na kile kitufe cha kupendekeza badiliko. Anaweza kupendekeza kwamba wewe si duka la jumla bali la rejareja. Anaweza kupendekeza kwamba umefunga kabisa. Mapendekezo ya namna hiyo hupita mara nyingine, hasa pale ambapo mwenye biashara hajajitokeza kudai ukurasa wake, kwa sababu hakuna wa kuarifiwa.

Sasa nieleze kwa nini nasema upesi.

Zamani, ukikosewa kwenye kitabu cha simu cha kurasa za njano, kosa lilikaa mpaka kitabu kipya kichapwe. Iliumiza, lakini kosa lilibaki ndani ya kitabu kile. Leo orodha zinalishana. Desemba 2022, kampuni za Amazon, Meta, Microsoft na TomTom zilianzisha taasisi iitwayo Overture Maps, inayotoa bure data za ramani kwa yeyote anayetaka kuzijengea programu. Data zake za mahali na biashara zimetokana kwa sehemu kubwa na Meta na Microsoft. Maana yake ni kwamba kundi ulilochagua bila kufikiri siku ulipofungua ukurasa wa Facebook, pengine mtoto wako ndiye aliyekufungulia, linaweza kusafiri hadi kwenye programu ambazo hujawahi kuzisikia. Novemba 2024 Foursquare nayo iliachia bure data yake ya mahali zaidi ya milioni 100 duniani. Mtu akichukua nakala leo, anabaki na kosa la leo, hata ukilisahihisha kesho kwenye chanzo.

Kisha kuna akili mnemba. Vijana wengi sasa hawatafuti tena, wanauliza. Wanauliza wapi Tanga watapata chakula cha halali, na programu inawajibu kwa majina mawili matatu, ikiwa imeokota taarifa huku na kule. Kwenye ramani mtu angeona picha ya wali na pengine akatilia shaka neno baa. Kwenye jibu la namna hii picha haipo, ubishi haupo. Shangazi hatajwi tu, na hajui kwamba hakutajwa. Hasara ya namna hiyo haina mlio.

Cha kufanya, basi.

Anza kwa kujitafuta kama mgeni. Tumia simu ya mtu mwingine, kwa kuwa yako imekwisha kukuzoea. Andika jina lako jinsi watu wanavyolitamka na jinsi lilivyo kwenye leseni, kisha andika namba yako ya simu peke yake, maana namba hufichua kurasa ambazo jina halikuzifichua. Tazama Google, Facebook, ramani za Apple, Bing, na kama unapokea wageni wa kitalii, Tripadvisor. Kila unapokuta kosa, piga picha ya kioo cha simu yenye tarehe kabla hujagusa chochote. Picha hizo ndizo ushahidi wako baadaye.

Dai ukurasa wako. Google mara nyingi huomba uthibitishe kwa video, na hapa watu wengi hukwama kwa kuwa hawajajiandaa. Video iwe moja isiyokatwa: anza barabarani, onyesha kibao cha mtaa na namba ya jengo, onyesha jina juu ya mlango, fungua kwa ufunguo wako, ingia ndani, onyesha leseni na droo ya pesa. Tanzania tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina vibao, na kwa jambo hili vibao vile ni lulu. Kama herufi za jina lako zimefutika kwa mvua, mwite fundi rangi kwanza.

Ukishapewa funguo, badili kundi kuu peke yake, uache mengine yatulie. Ukibadili jina, namba, mahali na kundi kwa mkupuo, mfumo unaweza kukuona tapeli ukausimamisha ukurasa wote. Usiongeze sifa kwenye jina, yale ya "pilau tamu bei nafuu", hilo nalo ni kosa kwao. Chagua kundi dogo lenye kukutosha kuliko kubwa lenye kukupamba. Na mwenye hoteli ya chakula, nakusihi, kwenye kibao na kwenye kila ukurasa andika neno mgahawa karibu na neno hoteli. Hoteli usiifute, ni neno letu na wateja wako wanakujua kwalo. Lipe tu jirani wa kulitetea.

Baada ya Google nenda Facebook siku hiyohiyo, kwa sababu ya zile nakala nilizozieleza. Kisha OpenStreetMap, ambayo imejengwa na watu wa kujitolea na inatumiwa na programu nyingi. Huku kuna faraja, maana kosa unalisahihisha mwenyewe bila kumbembeleza mtu. Vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao humo mwaka 2009, wakati ramani nyingine ziliiacha Kibera tupu. Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wenyewe walichora mitaa yenye mafuriko katika kazi ya Ramani Huria. Wapo vijana wanaojua kazi hii. Waulize.

Jambo moja ulishike kwa mikono miwili. Ukianza kuhangaika na ukurasa wako, au hata kabla, utapigiwa simu na mtu atakayejitambulisha kuwa anatoka Google. Atakuambia biashara yako iko karibu kufutwa, au itaandikwa imefungwa kabisa, na kwamba kwa ada ndogo atakuokoa. Mei 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Florida iitwayo Point Break Media kwa mchezo huohuo. Wenye maduka walitishwa hivyo na kutozwa dola 300 hadi 700. Huyu ni ndugu wa yule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kujiandikisha na kusahihisha kundi ni bure. Ile namba ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako usimsomee mtu, awe na sauti ya ofisi kiasi gani, kwa kuwa ukimsomea unaweza kuwa umempa ukurasa mzima.

Sheria nayo ipo, ingawa ina mpaka. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Ya Kenya ni ya mwaka 2019. Zote zinampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Zinamlinda mtu, si kampuni. Lakini mama lishe, fundi, msusi, ambaye jina la biashara ni jina lake na namba ya biashara ni namba yake, ana hoja ya kusimamia akiandika barua.

Na wewe kijana unayependa kuongeza mahali kwenye ramani, nakuomba kwa heshima. Hisani unayoifanya ni ya kweli, miji yetu ingekuwa gizani bila ninyi. Ila ukifika kwenye swali la aina, usikisie. Mwenye mahali amesimama hatua 3 kutoka ulipo, anakupepea mishikaki. Mwulize, "Shangazi, hapa tukuandike nini?" Atakujibu kabla nyama haijageuzwa upande wa pili.

Mimi na shangazi tulichukua video asubuhi moja kabla wateja hawajaingia. Alivaa kanga mpya kwa ajili hiyo. Ukurasa mkuu ulikubaliwa, na sasa unasoma mgahawa. Nimeandika kwa orodha nyingine tano. Tatu zimerekebisha. Mbili, hadi naandika haya, bado zinasema baa, na Mfungo Sita mwingine unakaribia. Ya kwako itazame leo kabla hujafunga mlango.